Evgenii Landis, mwanahesabu wa mti wenye usawa

Kila mwanafunzi wa infomatiki, awe Goma ao Bukavu, siku moja anakutana na herufi tatu: AVL. Mbili za kwanza ni za Georgy Adelson-Velsky. L ni ya Evgenii Landis, aliyefariki Moscow munamo tarehe 12 Desemba 1997.

Landis alizaliwa Kharkiv, Ukraine, tarehe 6 Oktoba 1921. Alianza masomo ya hesabu Moscow, lakini vita vikamtoa darasani. Alirudia masomo 1945, kisha akawa mwalimu kwenye iniversite hiyo hiyo.

Munamo mwaka wa 1962, yeye na Adelson-Velsky walitoa andiko la kurasa chache tu juu ya kupanga habari ndani ya ordinatere. Majina yanapangwa sawa mti: linalotangulia kialfabeti linaenda kushoto, linalofuata linaenda kulia. Shida, majina yakiingia kwa mpangilio wa A mpaka Z, yote yanalalia kulia, na mti unakuwa kamba moja ndefu. Ni kama pirogi ya Kituku iliyopakiwa makala upande mmoja. Dawa yao: kila jina linachunga urefu wa pande zake mbili. Zikipitana kwa zaidi ya 1, programu inazungusha kipande hicho, sawa wabeba mizigo wanaohamisha magunia kabla pirogi haijaondoka. Hapo, kati ya majina milioni 1, lile unalotafuta linapatikana kwa hatua zisizozidi 28.

Leo vijana wanaandika mti huo kwa Python, na kosa ni lile lile: wanazungusha vizuri, halafu wanasahau kuhesabu urefu upya, ao wanahesabu wa jina lililopanda mbele ya lile lililoshuka. Majina bado yanapatikana, ndiyo maana kosa halionekani. Mti unainama pole pole, mpaka siku Python inasimamisha kazi juu programu imejiita yenyewe karibu mara 1000.

Makosa ya kujificha hivyo, Landis aliyajua. Miaka ya 1950, pamoja na Ivan Petrovsky, rekta wa iniversite, alitangaza jibu kwa sehemu ya swali la 16 la Hilbert, linalohusu idadi ya mizunguko katika aina fulani ya mwendo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Sergei Novikov na Yulij Ilyashenko wakaona tundu ndani ya hoja. Ilyashenko alikuwa mwanafunzi wa Landis mwenyewe! Kwa mwalimu si jambo dogo, tena kazi imebeba jina la rekta. Lakini 1967 wawili hao waliandikia jarida la hesabu barua ya kukubali kwamba uthibitisho wao haukusimama.

Munamo 1980 Mchina Shi Songling alionyesha mfano wenye mizunguko 4, pale wao walisema haipiti 3. Ilyashenko aliendelea kuchimba swali hilo kwa miaka mingi. Mpaka leo halijajibiwa lote.