Cousteau: Mfaransa aliyepeleka taa kilindini

JACQUES-YVES Cousteau, aliyefariki jijini Paris mnamo Juni 25, 1997 akiwa na umri wa miaka 87, alinuia kuwa rubani katika jeshi la majini la Ufaransa. Ajali mbaya ya gari mwaka wa 1936 ilizima ndoto hiyo, naye akageukia kuogelea ili kuipa nguvu mikono iliyoumia.

Mnamo 1943, yeye na mhandisi Émile Gagnan walibuni kifaa cha kupumulia kilichomwezesha mzamiaji kujiendea atakako majini. Hata hivyo, pumzi pekee haikumtosha mpenda sinema huyu. Maji humeza wekundu kabla ya rangi nyingine, hata samaki aliyejeruhiwa kilindini huonekana akitoka damu ya kijani! Ndipo kikosi chake kikashuka na taa kubwa za umeme.

Kazi ya taa hizo ina ugumu wake. Ikikaribiana mno na kamera, vumbi la majini hung'aa na kuivuruga picha. Ikiwa mbali na kinachopigwa picha, wekundu humezwa tena njiani.

Filamu yake ya rangi, Le Monde du silence, aliyoiongoza na kijana Louis Malle, ilitwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka wa 1956. Aibu yake ni kwamba humo mabaharia wake wanaonekana wakilipua mwamba wa matumbawe kwa baruti na kuwaua papa kikatili. Baadaye aligeuka mtetezi mkuu wa bahari, na mnamo 1973 akaanzisha shirika la kuihifadhi.

Meli yake, Calypso, iligongwa na tishari ikazama Singapore mnamo Januari 1996.