Chifu Adam Sapi Mkwawa, Msikilizaji wa Maswali ya Watu



Katika toleo hili tunawaletea habari za maisha ya Chifu Adam Sapi Mkwawa, mwana wa Iringa, aliyekuwa Spika wa Bunge letu kwa karibu miaka 30. Vijana wengi wa Ilula wanalijua jina la babu yake kuliko lake. Kila wanapopanda gari kwenda Iringa mjini hupita Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 askari wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wao, Emil von Zelewski. Lakini mjukuu naye alikuwa na vita vyake. Havikuwa vya mikuki, vilikuwa vya kukaa kitini na kuhakikisha kwamba neno la mwananchi linasikiwa na wakubwa.

Adam alizaliwa mwaka 1920. Baba yake, Sapi, alikuwa mwana wa Mkwawa, na Waingereza walimrudishia uchifu wa Wahehe mwaka 1926 walipoanza kutawala kwa njia ya machifu. Mwaka 1940 Sapi aliondolewa, na Adam akashika uchifu akiwa kijana wa miaka 20 tu. Fikirini mzigo huo. Wazee wa Kalenga walitaka chifu atakayewatetea kwa Serikali, na Serikali ilitaka chifu atakayekusanya kodi na kutangaza amri zake. Mtu wa namna hiyo husimama katikati, na pande zote mbili humtazama.

Mwaka 1947 Gavana alimteua kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, yaani LegCo. Baraza hilo lilikutana kwa mara ya kwanza Desemba 1926, na kwa karibu miaka 20 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame, waliingia mwaka 1945. Adam Sapi alikuwa wa tatu, na Juma Mwindadi akafuata mwaka 1948. Gavana mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na lugha ya Baraza ilikuwa Kiingereza. Wajumbe hao hawakuchaguliwa na watu, waliitwa na Gavana. Hata hivyo ilikuwa hatua. Mambo ya Mwafrika yalianza kusemwa na Mwafrika mwenyewe, ingawa wasemaji walikuwa wachache mno kwa nchi ya mamilioni ya watu.

Jambo moja la siku hizo Wahehe hawatalisahau. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining alifika Kalenga akileta fuvu la Mtwa Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani baada ya kifo chake mwaka 1898. Kurudishwa kwake kulikuwa kumeandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini ilichukua miaka 35 mpaka likafika. Aliyelipokea kwa niaba ya watu wake alikuwa Chifu Adam. Mtu aliyengojea jibu la Serikali kwa muda mrefu namna hiyo anajua maana ya swali lisilojibiwa.

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Mwishoni mwa Novemba 1962, siku chache kabla nchi haijawa Jamhuri, Bunge lilimchagua Adam Sapi kuwa Spika, akachukua nafasi ya Abdulkarim Karimjee. Na hapa ndipo tunapopenda kukaa kidogo, kwa sababu wengi wetu hatufahamu vizuri kazi ya Spika, wala thamani ya swali la Mbunge.

Mbunge anapotaka kuuliza, huliandika swali lake na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge. Swali hupelekwa katika Wizara inayohusika, na maofisa hulazimika kutafuta majibu: kisima fulani kimeharibika tangu lini, fedha za daraja zimekwenda wapi, zahanati itapata dawa lini. Siku ikifika Waziri au msaidizi wake husimama mbele ya Bunge zima na kujibu. Kisha huja maswali ya nyongeza, na hayo ndiyo yenye makali, maana Waziri hana karatasi iliyoandaliwa ya kuyajibu. Yote yanayosemwa huandikwa katika Taarifa Rasmi ya Bunge, na ahadi ya Waziri hubaki humo hata akihamishwa Wizara.

Katika shughuli hiyo Spika haulizi, wala hajibu, lakini ndiye mwenye ufunguo. Yeye huamua nani asimame, nani aketi, na kama swali la nyongeza liruhusiwe au lizuiwe. Spika akimwogopa Waziri, Mbunge wa kijijini hana pa kusemea. Akiwaachia Wabunge waseme ovyo, saa ya maswali huisha kwa kelele na mwananchi hapati kitu. Kazi ya Adam Sapi ilikuwa kuushika mzani huo, mwaka baada ya mwaka, katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam.

Haikuwa kazi nyepesi. Mwaka 1963 Bunge lile lile lilifuta uchifu nchini. Mtu aliyekuwa Mtwa wa Wahehe kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa ndiye Spika wa Bunge lililoondoa cheo alichorithi. Aliendelea na kiti chake. Tangu hapo heshima yake haikutoka tena katika damu ya ukoo, bali katika kazi aliyopewa na wawakilishi wa watu.

Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Wananchi bado walikuwa na nguvu ya kuchagua kati ya wagombea wawili wa TANU, na mwaka huo huo hata Waziri Paul Bomani alishindwa katika uchaguzi. Lakini Mbunge aliyefukuzwa katika Chama alipoteza na kiti chake. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza Wabunge kadhaa, miongoni mwao Joseph Kasella-Bantu na Mwakitwange. Basi Spika anaweza kumlinda Mbunge ndani ya ukumbi, lakini mambo ya Chama yalikuwa nje ya mlango wake. Tukiyasimulia maisha ya Adam Sapi kwa haki, lazima tuseme na hilo: kiti chake kilikuwa na mipaka, na aliyeuliza kwa ukali alijua kwamba huenda akalipa.

Mwaka 1973 aliacha Uspika, ukashikwa na Erasto Mang'enya. Novemba 1975 Bunge likamrudisha, mwaka ule ule ambapo Katiba ilitamka kwamba Chama ndicho chenye mamlaka ya mwisho. Alikuwapo pia mwaka 1984, Katiba ilipofanyiwa mabadiliko makubwa na Haki za Binadamu zikaingizwa. Katiba hiyo, katika ibara ya 63, inampa Mbunge haki ya kumwuliza Waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya Wizara yake.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa na joto. Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992. Mwaka uliofuata Wabunge 55, miongoni mwao Njelu Kasaka wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, walileta hoja ya kutaka iwepo Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Hoja hiyo ilijadiliwa Bungeni ingawa iliwasumbua viongozi wakuu, na baadaye Bunge liliachana nayo. Aprili 1994 Adam Sapi alimwachia kiti Pius Msekwa. Alifariki Juni 1999.

Tunajifunza nini sisi wa Ilula? Musa alipochoka kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi mpaka jioni, mkwewe Yethro alimshauri aweke watu waaminifu wa kusaidiana naye. Ndiyo sababu tunaye Mbunge. Lakini Mbunge hawezi kuuliza jambo asiloambiwa. Mkulima wa nyanya ambaye matenga yake yanaozea shambani kwa ubaya wa njia, na mama anayeamka usiku kufuata maji, wasiishie kunung'unika kilabuni au baada ya Ibada. Waandike, wataje mahali na tarehe, wampe Mbunge wao. Kisha wafuatilie jibu lililotolewa na Waziri, na mwaka ukipita bila kazi kufanyika, wamkumbushe aulize tena.

Adam Sapi alikaa miaka mingi akisikiliza maswali ya watu wengine. Tusikiache kiti hicho kikose cha kusikiliza kutoka kwetu.