Profesa Wilhelm Wundt (1832–1920): Mwana wa Mchungaji Aliyewafundisha Walimu

Hakuna Mlutheri wa Kilimanjaro asiyelijua jina la mji wa Leipzig, kwa maana kutoka huko ndiko walikotumwa wamisionari waliofika Machame mwaka 1893. Lakini mji huo haukuwa na nyumba ya misheni peke yake. Ulikuwa pia na Chuo Kikuu cha kale, na ndani yake alifundisha Profesa Wilhelm Wundt, ambaye wengi humwita baba wa saikolojia ya kisasa. Mawazo yake yalivuka bahari na kufika mlimani kwa njia ya mmisionari mmoja. Kwa hiyo, usharika unapohesabu miaka 100 ya neema, yafaa maisha yake nayo yakumbukwe.

Wundt alizaliwa tarehe 16 Agosti 1832 huko Neckarau, karibu na Mannheim, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa kijiji. Alilelewa katika upweke, na mwalimu wake wa kwanza wa karibu alikuwa mchungaji msaidizi wa baba yake. Alimpenda mno mwalimu huyo, hata alipohamishiwa usharika mwingine mtoto aliruhusiwa kumfuata na kukaa naye.

Alipopelekwa shule ya sekondari ya Bruchsal, mambo yalikuwa magumu. Alikuwa mtoto wa kuota ndoto darasani, masomo yalimshinda, na mwalimu mmoja alimshauri aache elimu ya juu na kutafuta kazi ya posta. Wazazi wake hawakukata tamaa. Walimhamishia Heidelberg, na huko, katikati ya rafiki wapya, akili yake ikafunguka. Mtoto aliyehesabiwa kuwa hafai alisoma udaktari wa tiba na kuhitimu kwa heshima kubwa.

Mwaka 1857 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, na mwaka huohuo aliugua hata akakaribia kufa. Baada ya kupona alikuwa msaidizi wa mwanasayansi mashuhuri Hermann von Helmholtz. Aliitumikia pia nchi yake kwa muda akiwa mjumbe wa bunge la Baden. Mwaka 1874 alitoa kitabu chake kikubwa cha misingi ya saikolojia, akaitwa kufundisha Zürich, Uswisi, na mwaka uliofuata akahamia Leipzig. Hapo alidumu hadi alipostaafu mwaka 1917.

Mwaka 1879 alianzisha maabara ya saikolojia ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza duniani. Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Vyombo vilikuwa vichache, na kwa miaka ya kwanza gharama nyingi zilitoka mfukoni mwake. Wanafunzi walipima, kwa mfano, muda unaopita kati ya mtu kusikia mlio na kuubonyeza mkono wake kujibu, kwa saa iliyoweza kugawa sekunde moja katika sehemu elfu.

Njia yake ya kufundisha ilistahili kuigwa. Aliwagawia wanafunzi mada za utafiti, nao walipaswa kupokezana kazi: aliyepima leo alipimwa kesho. Hivyo hakuna aliyejifunza juu ya nafsi ya mwingine bila kukubali nafsi yake mwenyewe ichunguzwe. Katika ukumbi alizungumza kwa utulivu na utaratibu mbele ya mamia ya wasikilizaji. Alisimamia tasnifu zaidi ya 180. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa G. Stanley Hall na James McKeen Cattell wa Marekani, na daktari Emil Kraepelin aliyejulikana kwa elimu ya magonjwa ya akili.

Mwaka 1872 alifunga ndoa na Sophie Mau, binti wa profesa wa theolojia wa Kiel. Walijaliwa watoto watatu. Mmoja wao, Lilli, alifariki mwaka 1884 akiwa bado mdogo. Max alikuwa profesa wa falsafa, naye Eleonore alimsaidia baba yake katika kazi zake, hasa macho ya mzee yalipodhoofika.

Wundt hakuamini kwamba maabara yaweza kueleza yote yaliyomo ndani ya mwanadamu. Alifundisha kwamba lugha, mila na dini haziwezi kuzaliwa katika mtu mmoja aliye peke yake, bali hukua katika jumuiya. Jambo hilo aliliandikia vitabu 10 kati ya mwaka 1900 na 1920. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliathiriwa na mafundisho hayo. Akiwa Old Moshi aliheshimu ukoo, ujirani na rika kama vifungo ambavyo Injili haikuja kuvikata. Kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachaga kilitoka mwaka 1926 katika mfululizo uliosimamiwa na Felix Krueger, mrithi wa Wundt katika chuo.

Hata hivyo, mtu huyu mkuu alikuwa na mapungufu. Aliyapanga mataifa kwa ngazi za maendeleo, akiyaweka chini mengine ambayo hakupata kuishi nayo. Tena mwaka 1914 alitia sahihi tamko la wasomi 93 wa Ujerumani lililotetea vita vya nchi yao na kukana maovu yaliyotendwa Ubelgiji. Aliyefundisha wengine kupima kwa uangalifu hakupima vema alipoguswa taifa lake.

Wundt alifariki tarehe 31 Agosti 1920 huko Großbothen, karibu na Leipzig, akiwa na miaka 88. Katika mwaka huohuo alikuwa amekamilisha kumbukumbu za maisha yake.

Kwa wazazi, walimu wa Shule ya Jumapili na wa kipaimara, maisha haya yanaacha onyo na faraja. Yule mtoto asinziaye nyuma ya darasa, ambaye mwalimu amekwisha kumkatia shauri, hajakatiwa shauri na Mungu. Mara nyingi anachokosa si akili, bali mtu wa kumpenda na wenzake wa kukua pamoja nao. Usharika umewekwa uwe mahali pa kuvipata vyote viwili.