Kazadi Mwamba: kipa wa Mazembe mwenye hata wapinzani wanapashwa kukumbuka

Hata kama uko mushabiki wa Lupopo ao wa V.Club, huyu unapashwa kumusifu. Kazadi Mwamba alizaliwa mwaka wa 1947. Akiwa kipa wa Englebert, jina la zamani la Mazembe, alibeba kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka wa 1967 na 1968. Pamoja na ekipe ya taifa, alibeba kombe la Afrika mwaka wa 1968 na 1974. Lakini wengi wanakumbuka tu yale magoli 9 ya Yugoslavia, kule Ujerumani, mwaka wa 1974. Kumbe kocha Vidinić alimutosha mapema, wakiwa 3 kwa 0. Yale 6 ingine yaliingia yeye akiwa inje. Alikufa mwaka wa 1996, na lawama ya wote ingali juu yake.