Wilbur Wright, Fundi wa Baiskeli Aliyeupima Upepo

Mtoto yeyote wa Mombasa, Malindi au Lamu aliyewahi kurusha kishada anajua jambo moja ambalo hakufundishwa na mwalimu. Kishada kilichotengenezwa vyema hupanda kikasimama karibu na utosi wa mrushaji, na uzi wake huwa kama umesimama wima. Kilichotengenezwa vibaya hukokotwa na upepo kikaenda mbali, uzi ukalala, na mkono ukachoka bure. Katika jambo hilo la kitoto ndimo alimoingia Bwana Wilbur Wright wa Marekani, akatoka na elimu ya kuruka angani.

Si kwamba yeye ndiye wa kwanza kutamani. Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za Abbas bin Firnas wa Kurtuba, huko Andalusia, katika karne ya 9. Mwanahistoria al-Maqqari ameandika kwamba bwana huyo alijivika manyoya na mbawa, akaruka kitambo, kisha akaumia mgongo wakati wa kutua kwa kuwa hakujiwekea mkia. Baada yake walikuja wengine wengi, na wengi wao walitegemea ujasiri. Ujasiri peke yake haumbebi mtu hewani.

Wilbur alizaliwa tarehe 16 Aprili 1867 karibu na Millville, jimbo la Indiana. Baba yake, Milton Wright, alikuwa askofu mwenye safari nyingi. Mama yake, Susan, ndiye aliyekuwa na mikono ya ufundi katika nyumba ile. Mwaka 1878 baba alirudi safarini na kitu cha kuchezea cha mwanzi, karatasi na mpira wa kusokota, ambacho kikiachiwa hupaa hadi darini. Wilbur na mdogo wake Orville, aliyezaliwa mwaka 1871, walikichezea mpaka kikavunjika, kisha wakaunda vingine kwa mikono yao.

Alipokuwa kijana wa miaka 18 hivi, Wilbur alipigwa gongo la uso katika mchezo wa barafuni, akapoteza meno ya mbele. Jeraha hilo liliugeuza mwendo wa maisha yake. Habari za kwenda Chuo Kikuu cha Yale zikafa, naye akajifungia nyumbani miaka kadhaa, akisoma vitabu vya baba yake na kumwuguza mama, aliyekuwa na kifua kikuu na ambaye alifariki mwaka 1889. Hakupata shahada yoyote ya chuo. Yeye na Orville walifungua kiwanda cha kupiga chapa katika mji wa Dayton, Ohio, halafu mwaka 1892 duka la baiskeli, na toka mwaka 1896 wakawa wanaunda baiskeli zao wenyewe.

Mwaka huo huo wa 1896 zilifika habari kwamba Mjerumani Otto Lilienthal, aliyekuwa akiruka kutoka vilimani kwa mbawa zisizo na mtambo, ameanguka na kufa. Wilbur alitaabika na habari ile. Tarehe 30 Mei 1899 aliandika barua kwa taasisi ya Smithsonian mjini Washington kuomba vitabu vyote vilivyoandikwa juu ya kuruka. Alipovisoma aligundua kwamba wakubwa wa elimu hii walikuwa wachache, na majedwali ya hesabu waliyoyategemea yalikuwa machache zaidi.

Akaanza kutafuta mahali penye upepo wa kudumu na mchanga laini wa kuangukia. Akapapata Kitty Hawk, pwani ya North Carolina. Safari yenyewe, Septemba 1900, wenzetu wa baharini wataielewa: alipanda jahazi la mzee mmoja, chombo kikivuja, kamba mbovu, na usiku upepo ukawazidi mpaka tanga likachomoka. Chakula kilimkinai, na kwa muda wa siku 2 hakula kitu ila kichupa cha jamu alichotiliwa mkobani na dada yake Katharine.

Eropleni yake ya kwanza haikuwa na injini. Ilikuwa na mbawa mbili, moja juu ya nyingine, na gharama yake ilikuwa kiasi cha dola 15. Msomaji angedhani mtu aliyetoka mbali hivyo angepanda mara moja aruke. Wilbur hakufanya hivyo. Aliifunga kamba, akairusha kama kishada, akaitia minyororo iwe mzigo badala ya mtu, na kwenye kamba akatia mizani ya springi. Kisha akapima kasi ya upepo.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Upepo unapopiga ubawa hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Unaunyanyua juu, na unausukuma nyuma. Kule kusukumwa nyuma ndiko mkinzo wa hewa, na ndiko kunakokula nguvu ya chombo chochote kinachoruka. Mvuvi anayepitisha kasia majini anajua: ukilipitisha kwa ubapa maji hulizuia, ukilipitisha kwa ukingo hupita kama kisu. Wilbur alipojua kamba inavuta ratili ngapi, na imelala nyuzi ngapi kutoka ardhini, hesabu ndogo ikamgawia mvuto ule mafungu mawili: hili la kunyanyua, hili la kukinza. Ndiyo hesabu ya kishada, ila yeye aliiandika daftarini.

Aliyoyaona yalimshangaza. Mkinzo ulikuwa mdogo kuliko alivyohofia, na hiyo ilikuwa furaha. Lakini nguvu ya kunyanyua nayo ilikuwa pungufu sana kuliko majedwali yalivyoahidi. Mwaka ule aliruka yeye mwenyewe kwa jumla ya dakika 2 tu hivi, akilala kifudifudi juu ya ubawa wa chini, kwa sababu mtu aliyesimama au kuketi huzuia upepo kama mlango. Walipoondoka, chombo chakavu kiliachiwa jamaa wa Tate waliokuwa wamewakaribisha, na bibi wa nyumba akakitoa kitambaa chake cha satini akawashonea binti zake magauni.

Mwaka 1901 walirudi na chombo kikubwa zaidi. Mbu waliwala, mvua ikawanyea, na ubawa mkubwa ukanyanyua theluthi moja tu ya walichotarajia. Safari ya kurudi Dayton ilikuwa ya huzuni. Wilbur alimwambia mdogo wake kwamba binadamu hataruka katika uhai wao. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa na hatari kubwa kuliko kuanguka kokote: mtu wa miaka 34, hana mke, hana shahada, ana duka la baiskeli, na vitabu vya wataalamu vinamwambia kwamba amekosea yeye.

Aliamua kuviuliza vitabu. Kwa zaidi ya miaka 100 wahandisi walitumia namba moja ya kukadiria nguvu ya upepo, iliyofungamanishwa na jina la Mwingereza John Smeaton. Namba hiyo ilikuwa 0.005. Wilbur alipozipitia namba za kishada chake aliona haiwezekani. Iliyo sawa ilikuwa karibu na 0.0033. Yaani mahali penye nguvu ya 2, mabwana wale waliandika 3. Vuli ile ndugu wawili waliunda sanduku la upepo lenye urefu wa futi 6, na ndani yake mizani ya vipande vya misumeno na nyaya za baiskeli, wakapima maumbo ya mbawa yapatayo 200. Ni haki kusema pia kwamba majedwali ya marehemu Lilienthal hayakuwa mabaya kama walivyodhani mwanzo. Kosa kubwa lilikuwa katika namba ile ya zamani.

Chombo cha mwaka 1902 kilizaliwa na vipimo hivyo. Kiliporushwa kwa kamba, uzi ulisimama karibu wima. Halafu walitumia kipimo kizuri zaidi, ambacho hakihitaji kamba wala mizani. Upepo unapopanda mlima wa mchanga wenye mteremko wa nyuzi 7, na chombo kikaelea juu yake bila kusonga mbele wala nyuma, basi mteremko wenyewe ndio jibu. Chombo na mtu wake walikuwa na uzito wa ratili 250 hivi. Kwa nyuzi 7, mkinzo wake wote ni kama ratili 30. Mlima umegeuka mizani! Mpaka leo marubani wa majaribio hupima ndege ndogo kwa njia ya jamaa hiyo: hupunguza nguvu ya injini, huiacha ndege iteremke kwa kasi moja, na kuangalia inapoteza futi ngapi.

Waliporuka mamia ya mara kwa chombo hicho, walijua mtambo wao utahitaji nguvu kiasi gani kuushinda upepo. Fundi wao Charlie Taylor aliwaundia injini, na rafadha wakazichonga wenyewe. Mwaka 1903, kabla ya kuruka, waliifunga ndege kwa kamba wakapima inavyovuta: zaidi ya ratili 130, kupita hesabu ilivyotaka. Ndipo Wilbur alipotulia. Tarehe 17 Desemba 1903 Orville aliruka sekunde 12, na Wilbur, katika safari ya nne, sekunde 59 na futi 852.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1905 aliruka maili 24, na mwaka 1908 aliwanyamazisha Wafaransa waliokuwa wakimcheka, karibu na Le Mans. Kisha zikaja kesi za hataza, ambazo zilimla miaka yake ya mwisho. Alikuwa akikimbia huku na huko kwa mawakili badala ya kuwa mchangani na daftari lake. Homa ya matumbo ilimshika, akafariki nyumbani Dayton tarehe 30 Mei 1912, akiwa na umri wa miaka 45, miaka 13 kamili tangu siku aliyoandika ile barua ya Washington. Orville aliishi hadi mwaka 1948.

Mwaka 1913 mafuriko yaliingia Dayton na kuyafunika kwa matope masanduku yenye ndege ya 1903. Ndege iliokolewa. Madaftari ya ndugu hao, yenye ratili, nyuzi na kasi za upepo za Kitty Hawk, yamehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.