LESLIE BROWN NA HEROE WA NATRON

Hapa Kiogoro ukisimama bondeni kutazama ndege utaulizwa kama umepoteza ng'ombe ama huna kazi. Mimi nimeulizwa! Lakini Leslie Brown, afisa wa kilimo aliyezaliwa India mwaka 1917 na kufika Kenya 1946, aliwatazama maisha yake yote. Je, wale heroe wa Nakuru walikuwa wakitaga wapi? Mwaka 1954, akiwa kwenye eropleni, aliona viota vyao katikati ya Ziwa Natron, Tanganyika. Akawaendea kwa miguu. Lo! Tope la magadi lilimwunguza miguu vibaya hata akalazwa hospitalini na kupandikizwa ngozi. Alipona. Heroe walipotaga Ziwa Magadi mwaka 1962, huyo tena! Alifariki 1980. Nikiulizwa tena pale bondeni, nitawasimulia habari ya hiyo miguu.