Amir Abdulqadir wa Algeria: Uadilifu mbele ya adui



Ndugu msomaji, vinapotajwa vita, wengi wetu huuliza nani alishinda. Dini yetu inatutaka tuulize pia: alipigana vipi, na alifanya nini adui alipovunja ahadi? Swali hilo lilimkabili Amir Abdulqadir al-Jazairi maisha yake yote.

Alizaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Mascara, magharibi ya Algeria, katika nyumba ya elimu na ya twarika ya Qadiria. Baba yake, Sheikh Muhyiddin, alimlea katika Qur'ani na akahiji pamoja naye. Mwaka 1830 Ufaransa iliuteka mji wa Algiers. Mwaka 1832 makabila ya magharibi yalimpa bai'a Abdulqadir, naye ni kijana wa miaka 24 hivi.

Hakuikimbilia vita pale amani ilipowezekana. Alifunga mkataba na Wafaransa mwaka 1834, kisha ule wa Tafna mwaka 1837, na katika muda huo akasimamisha dola yenye makadhi na jeshi la kudumu. Mwaka 1839 majeshi ya Ufaransa yalipita katika ardhi ambayo kwa mkataba aliihesabu kuwa yake, na vita vikawaka upya.

Vilikuwa vita vikali. Mazao yalichomwa na mifugo ikaporwa. Mwaka 1845, huko Dahra, mamia ya watu, wakiwemo wanawake na watoto, waliuawa kwa moshi ndani ya pango walimokimbilia. Pamoja na hayo Amir alikataza mateka wasichinjwe, akaweka zawadi kwa askari atakayemleta mateka akiwa hai na salama. Mwaka 1841 aliafikiana na Askofu Dupuch wa Algiers kubadilishana mateka. Hata hivyo, mwaka 1846, yeye akiwa mbali, mateka wa Kifaransa waliuawa katika kambi yake. Doa hilo latufundisha kuwa amri njema haitoshi ikiwa walioachiwa amana hawakuichunga.

Mwezi Desemba 1847 aliweka silaha chini kwa ahadi kwamba angepelekwa Alexandria au Akka. Ahadi ikavunjwa. Alizuiliwa Ufaransa karibu miaka mitano, na baadhi ya jamaa zake wakafia katika ngome ya Amboise. Aliachiwa mwaka 1852, na mwaka 1855 akahamia Damascus.

Hapo ndipo ulipomfikia mtihani mkubwa. Julai 1860 fitina iliyoanzia milima ya Lebanon iliingia Damascus, na Wakristo wakauawa kwa maelfu. Mtu aliyenyang'anywa nchi na dola ya Kikristo angeweza kufunga mlango wake akanyamaza. Amir aliwatoa wafuasi wake wa Kialgeria mitaani, akawakusanya Wakristo nyumbani kwake, akasimama mbele ya umati uliotaka kuwaua. Na kama alivyofanya vitani, aliahidi fedha kwa kila atakayemleta Mkristo akiwa hai. Maelfu waliokoka. Baadaye alieleza kuwa alifanya tu yale yanayowajibishwa na sheria ya Kiislamu na haki za binadamu.

Hoja yake ilikuwa wazi. Mkristo wa Damascus hakuichoma Algeria. Alikuwa jirani aliye chini ya ahadi ya Waislamu, na damu yake ni haramu. Surat al-Maida, aya ya 8, inatukataza chuki ya watu isitutoe katika uadilifu. Amir alifariki Damascus mwaka 1883.

Wazazi, watoto wetu husikia habari za vita mezani petu. Tuwafundishe kuikataa dhuluma ya dola yoyote, na tuwafundishe pia kutomtoza jirani deni la dola asiyoitawala. Tumuombe Allah atujaalie uadilifu tukiwa na nguvu na tukiwa wanyonge.